Moshi wa Gari Jekundu

Siku ya Jumanne asubuhi, kabla sijamaliza kupanga makopo ya oili mbele ya duka, nililisikia gari la Issa likija. Sikuinua kichwa. Sauti ile naijua, na tangu alfajiri nilikuwa nikiomba nisiisikie tena. Lakini harufu ya oili iliyoungua haingoji ruhusa ya mtu. Iliniingia puani, nikageuka, nikaliona: jekundu, milango miwili, tumbo karibu kugusa lami, na moshi umelifuata kutoka barabara kuu hadi langoni petu. Muuza viazi karai wa jirani alifunika beseni lake kwa leso. Ilikuwa mara ya nne ndani ya miezi miwili.

"Astaghfirullahi," nikasema. Nilikuwa na mengine makali zaidi, lakini palikuwa na wateja.

Naitwa Fauzia. Nauza vipuri vya magari hapa Ukunda, hatua chache kutoka Kona ya Musa, na nyuma ya duka langu ndiko iliko gereji ya shemeji yangu Chirau, mume wa dada yangu Mbeyu. Yeye hufungua injini, mimi humuuzia mwenye gari kinachotakiwa kuingia. Tumefanya kazi hivyo miaka kumi na saba, tukitaniana kutwa kama ilivyo ada ya mashemeji, na katika miaka yote hiyo sikupata kuona gari lililotutia aibu kama lile.

Chirau ni mtu wa Bodo. Alianzia kwenye mashine za boti, akaja Ukunda akiwa kijana, akafundishwa na mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza matrekta ya mashamba ya miwa. Mzee alipofariki, Chirau alirithi spana zake na hasira zake. Sasa ana miaka hamsini na minane. Huvaa ovaroli la buluu lililopauka na kofia ya mkono ambayo dada yangu huifua kila Alhamisi na yeye huichafua kila Jumamosi. Wenye kompyuta za kupimia magari wamejaa mjini siku hizi, lakini Chirau hupima kwa sikio na pua. Huweka kiganja juu ya injini, hufumba macho, husikiliza, kisha hukwambia kinacholia ni nini. Watu walimjia kutoka Lunga Lunga na hata Kinango. Mimi nilimwonea fahari kuliko nilivyowahi kumwambia, maana shemeji ukimsifu usoni atakusumbua mwaka mzima.

Mwenye gari, Issa, ni kijana wa Msambweni anayewafundisha wageni kupiga mbizi katika hoteli moja ya Diani. Gari alilinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Ni gari la michezo la kweli, lina turbo ya kuiongezea injini pumzi, na kwa barabara zetu zenye matuta kila baada ya pumzi mbili, ni sawa na kuvaa viatu vya harusi kwenda shamba. Lakini Issa analipenda. Siku sita za juma analala hotelini, na huko hapana pa kuliegesha, kwa hivyo gari hukaa Msambweni nyumbani kwa mamake, na yeye huliendesha siku yake ya mapumziko.

Sasa huo moshi. Moshi wa gari si jambo la ajabu, na hata mimi muuza duka naujua. Ukiwa mweusi, petroli inazidi. Ukiwa mweupe na mzito, maji yanaingia kwenye injini. Ukiwa wa rangi ya buluu, basi oili inaungua, na hapo ndipo kichwa huanza kuuma, kwa sababu oili ina njia nyingi za kufika mahali isipotakiwa. Inaweza kupitia sili za valvu zilizokauka, au turbo iliyochoka, au ringi za pistoni zilizolika. Fundi ndiye wa kujua ni njia ipi.

Mara ya kwanza Issa alipolileta, Chirau alisimama nyuma ya gari, akasema likanyagwe mafuta, akavuta pumzi.

"Rangi gani?" akaniuliza.

"Buluu," nikasema. "Kwani wewe huna macho?"

"Nataka kujua kama wewe unayo, shemeji."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Akabadilisha sili za valvu. Gari likaenda zake safi, likarudi baada ya siku kumi likifuka vilevile. Akafungua turbo, akaisafisha, akaiwekea sili mpya. Gari likaondoka safi, likarudi baada ya wiki moja. Mara ya tatu aliishusha injini nzima, akazitoa pistoni zote, akaweka ringi mpya ambazo mimi niliziagiza Mombasa kwa taabu. Alifanya kazi siku nne bila ya kupumzika ila kwa swala. Likawashwa, likaunguruma, hapana moshi hata wa sigara. Issa alimkumbatia. Mimi nilinunua halua.

Na sasa Jumanne hii, mara ya nne. Halua ile ilinirudi kooni.

Issa alishuka akiwa amenuna. Ni kijana aliyelelewa vizuri, hakupiga kelele. Pengine angepiga kelele ningeumia kidogo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Fundi, mimi sina la kusema. Ijumaa asubuhi nimepewa ruhusa, nitakuja kulichukua. Likitoa moshi tena nalipeleka Mombasa. Na wenzangu wa Diani wenye magari kama haya huniuliza kila siku fundi wangu ni nani. Nitawaambia ukweli."

Chirau alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa imekauka. Palikuwa na mafundi wengine watatu pale uani, na dereva wa kanta, lori la kubebea mchanga, wote wakingoja atakachojibu.

"Hutahitaji kuwaambia," akasema. "Mimi naijua injini hii kuliko ninavyoijua nyumba yangu. Ijumaa ikitoa moshi, nafunga gereji hii. Nakwenda kukaa Bodo. Wallahi."

Nilitaka kumziba mdomo. Chirau ana kasoro nyingi, ana kiburi, ana ubishi, hawezi kula bila ya kulalamika chumvi, lakini akiapa hutimiza kiapo chake. Dada yangu Mbeyu aliolewa naye kwa sababu hiyo na amejuta kwa sababu hiyohiyo. Nikajua kwamba kutoka dakika ile kazi yake yote ya miaka thelathini na ushei imening'inia kwenye ekzosi ya gari la mtu mwingine.

Issa alipokwenda zake, Chirau alifungua boneti. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya tena, akakiinua juu kuelekea juani, akakitazama.

"Oili iko sawasawa," akasema. "Kwa hivyo haimezwi sana. Kesho nashusha injini tena."

"Unashusha tena utafute nini?"

"Nitakachokipata."

"Shemeji, umeweka sili mpya, ringi mpya, turbo umeizaa upya. Kilichobaki cha kale ndani ya gari hilo ni wewe."

Hakucheka. Akarudisha kijiti, lakini hakikuingia kwenye tundu lake mara moja, kiligongagonga pembeni mara mbili tatu kabla ya kuingia. Mimi nilidhani mkono unamtetemeka kwa ghadhabu.

Usiku ule sikuwa na amani, na Jumatano asubuhi nilikuwa nimeamua. Gari linatoka kwetu zima, linarudi gonjwa. Basi ugonjwa haupatikani kwetu, unapatikana linakokwenda. Nilimkuta Chirau ameshaanza kulegeza nati. Nikamnyang'anya spana.

"Tunakwenda Msambweni."

"Kufanya nini?"

"Kumwuliza mamake Issa gari hili hula nini."

Alibisha mpaka nikatishia kumwita Mbeyu. Kisha akapanda upande wa abiria. Kuendesha niliendesha mimi. Chirau aliacha kuendesha magari ya wateja kitambo, alisema si heshima kuketi kwenye kiti cha mtu, na sote tulimsifu kwa hilo. Tulipita Mwabungo na Gazi watoto wakitukimbilia na kukohoa nyuma yetu. Kwenye kila tuta tumbo la gari lilikwaruza, nami nikatukana kimoyomoyo kila aliyehusika, kuanzia Issa hadi waliomwaga lami.

Bi Mwanapili, mamake Issa, alitupokea kwa furaha iliyonitia haya. Ni mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ndogo. Kabla hatujaketi, mahamri na mbaazi vilikuwa mezani, na chai ya tangawizi inamiminwa.

"Alhamdulillahi, fundi mwenyewe amekuja! Mwanangu hukutaja kila siku. Kuleni, kuleni. Gari linaendeleaje? Watu wanaliulizia. Jumamosi kuna bwana harusi hapo ng'ambo, wameshakuja kuliomba."

Nikaacha hamri mdomoni. "Huombwa na maharusi, mama?"

"Kila wiki! Tangu mwezi wa harusi uingie halikai. Mimi siwezi kumwambia jirani hapana, na gari limekaa tu hapo likiangaliana na kuku. Hulichukua asubuhi, hulipamba maua, bwana harusi akaenda nalo kwa wakwe, jioni wakalirudisha limeoshwa. Wana adabu, sikufichi."

Chirau alikuwa akisikiliza huku kichwa kimeinama. Mimi nilikuwa nimeona kitu kingine. Kwenye ukumbi, chini ya dirisha, zilipangwa chupa tupu za oili ya injini, za lita moja moja, zimeoshwa, baadhi zimeshatiwa mafuta ya taa na nyingine siki. Nilizihesabu nikafika kumi na nne, nikaacha.

"Mama," nikasema polepole, kwa kuwa niliogopa sauti yangu, "chupa zile zimetoka wapi?"

"Za hao wanaoliazima gari, za nani tena?" Alishangaa kwamba nimeuliza. "Wewe jirani akikuletea sahani ya pilau, utamrudishia sahani tupu? Si utatia japo maandazi mawili? Basi na wao hawataki kulirudisha gari hivihivi. Mafuta ya petroli wameyatumia wenyewe, hayo si zawadi. Kwa hivyo kila mmoja huja na chupa ya oili, huitia palepale uani mbele yangu, nami huwaombea dua."

"Wote?"

"Wote. Na tangu lianze kutoa moshi nami huliongezea. Kitu kikifuka hivyo si kinakauka ndani? Nalionea huruma."

Niliinuka nikaenda uani. Nilihisi kucheka na kulia vikija pamoja na nikavizuia vyote viwili. Miezi miwili! Injini imewekewa oili kama mgeni anayelazimishwa kula. Oili ikizidi mno, chuma kinachozunguka ndani huipiga ikatoa povu, na povu likikosa pa kukaa husukumwa kwenye mpira wa kupumulia, linaingia linakoingia hewa, linaungua, na kutoka nyuma kwa rangi ya buluu. Wao wakiona moshi, wanaongeza. Wakiongeza, moshi unazidi. Na sisi kila mara tulipolipokea tuliimwaga oili yote moja kwa moja kwenye pipa la oili chafu, bila ya kuipima, Chirau akaweka mpya galoni moja kamili kama anavyojua, gari likapona, tukajisifu kwa sili, kisha kwa turbo, kisha kwa ringi. Pipa lilikuwa likijaa upesi. Hapana aliyejiuliza.

Nikafungua boneti. Nikachomoa kijiti, nikakifuta, nikakichovya, nikakitoa. Kina alama mbili, ya chini na ya juu. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili. Ilikuwa ikitiririka mpaka kwenye mkono wangu.

Na hapo ndipo nilipopoa ghafla. Kwa sababu jana, mbele ya macho yangu, Chirau alichomoa kijiti kilekile, kwenye oili ileile, akakiinua juani akasema iko sawasawa.

"Shemeji," nikamwita. "Njoo."

Alikuja akifuata ukuta kwa mkono. Nilikifuta kijiti, nikakichovya, nikampa.

"Nisomee."

Alikiinua. Akakisogeza karibu, akakisogeza mbali. Tone la oili lilimwangukia kwenye shavu.

"Katikati," akasema. "Sawasawa kabisa."

Bi Mwanapili alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Niliurudisha uso wangu ukatabasamu, sijui kwa nguvu gani. Nikasema tumeona tulichotaka, ahsante kwa chakula, na tafadhali mama, gari lisiongezwe oili hata tone moja mpaka Issa aseme. Alisema inshallah, lakini kwa sura ya mtu aliyekatazwa kutoa sadaka.

Niliendesha mpaka tulipokaribia Gazi, nikasimamisha gari kando.

"Tangu lini?"

Hakujifanya hakunielewa. Hilo namshukuru.

"Jicho la kushoto, Ramadhani ya mwaka juzi. La kulia lilifuata. Ni kama kuna pazia. Naona mtu yupo, sioni ni nani. Wewe nakujua kwa kelele."

"Usinitanie!" Nilipiga usukani kwa viganja vyote viwili mpaka honi ikalia. "Miaka miwili, Chirau! Umefungua injini za watu miaka miwili!"

"Na zimepona. Ngapi zimerudi? Mikono yangu inaona. Nati naijua kwa kuigusa, ringi naijua kwa kucha. Moshi naunusa, ila buluu na nyeupe nikiwa na shaka nauliza. Ni kijiti tu. Kijiti kimekuwa shida. Alama zake ni ndogo, na oili mpya ni kama maji."

"Huo unaitwa mtoto wa jicho. Watu wanautoa kila siku. Hospitali ipo, madaktari wapo."

"Babangu alipasuliwa. Akaishi miaka tisa baadaye hajaona hata kijiko."

"Hayo yalikuwa ya zama hizo!"

"Na huko kliniki," akasema, "foleni ni ya watu wa Ukunda. Nikikaa kwenye benchi lile saa moja, kabla sijaitwa jina, mji mzima utajua fundi Chirau haoni. Nani ataniletea gari? Niambie wewe unayeuza. Nani?"

Nilikuwa na hasira na yeye kwa kuficha. Nilikuwa na hasira na Mbeyu, ambaye bila shaka alijua. Zaidi nilikuwa na hasira na nafsi yangu, kwa kuwa nilikaa hatua kumi kutoka kwake kila siku, nikimchekea alipouliza rangi ya moshi. Niliwasha gari tukaenda mpaka Ukunda.

Mchana ule mimi ndiye niliyemwaga oili iliyozidi, kidogokidogo, kwenye ndoo, huku nikikitazama kijiti mpaka kikasoma panapotakiwa. Ilipungua karibu lita mbili. Chirau alifungua mipira ya kupumulia na bomba la hewa, vyote vimelowa oili ya povu, akavisafisha kwa petroli na kitambaa. Nilimtazama akifanya. Vidole vilipita kila pembe, kila kikunjo, vikarudi pale palipobaki uchafu ambao mimi mwenye macho mawili sikuuona. Alhamisi nililipandisha gari hadi Kwale mjini na kulirudisha, nikilikanyaga bila huruma kwenye mlima. Nyuma yangu hapakuwa na kitu ila vumbi.

Nikapanga la kusema. Ijumaa Issa akija, nitamwambia ringi mpya zilikuwa hazijakaa vizuri, sasa zimekaa, na mama asiongeze oili. Basi. Uongo mdogo, usiomuumiza mtu. Gari zima, fundi mzima, gereji wazi. Nilimwambia Chirau, akanyamaza, nami nikachukulia kwamba amekubali.

Issa alifika Ijumaa saa tatu. Uani palikuwa pamejaa kuliko kawaida. Habari za kile kiapo zilikuwa zimetembea, na watu walikuja na magari ambayo sikuona kasoro yake. Issa aliliwasha. Akaliacha liungurume dakika tano. Akalikanyaga mafuta, akaliachilia, akalikanyaga tena mpaka likapiga ukelele. Watu wote walikuwa wameinama nyuma yake wakiitazama ekzosi. Hapana moshi.

"Mashallah!" Issa alishuka uso umefunguka. "Fundi, kumbe lilikuwa nini?"

"Ringi," nikasema haraka. "Zilikuwa hazijakaa. Sasa zime—"

"Hapana," akasema Chirau.

Nilimkanyaga mguu. Alikuwa amevaa buti za gereji, hakuhisi au alijifanya hakuhisi.

"Ringi zako zilikuwa nzima tangu siku ya kwanza, mwanangu. Sili nzima, turbo nzima. Oili ilizidi. Wanaoazima kwa mamako wanaiongeza kila wanapolirudisha, kwa heshima yao. Ukichomoa kijiti utaona, hata mtoto wa skuli ataona. Mimi nilikichomoa mara zote nne sikuona, kwa sababu macho yangu yana mtoto wa jicho. Haya mawili. Sioni."

Nilisikia viazi vikikaangwa kwa jirani. Issa alimtazama usoni, akazungusha mkono kidogo mbele yake, kama watu wafanyavyo, na nikatamani kumzaba kibao.

"Injini yangu ilikuwa nzima," Issa akasema. "Na wewe umeifungua mara tatu."

"Kwa mikono safi. Haikuharibika kitu. Lakini nilikuficha, na hilo ni kosa langu, wala si la huyu." Alinyosha mkono kuelekea kwangu, akakosea kidogo upande.

Issa aliingia garini. Hakuaga. Kijana yule aliyesema shikamoo kila alipoingia uani petu aliondoka bila ya kuaga, na gari lake likapita langoni safi kama lilivyotoka kiwandani. Dereva wa kanta alikumbuka kwamba ana safari ya Shimba Hills, angerudi kesho. Mwingine hakutoa hata sababu. Ndani ya robo saa uani palibaki sisi wawili, mafundi watatu wanaopanga spana zilizokwisha kupangwa, na kuku wa jirani.

Nilimgeukia. "Umefurahi sasa? Alikuwa amecheka! Alikuwa ameshika ufunguo anaondoka anacheka! Ungenyamaza tu. Kigumu ni nini katika kunyamaza?"

"Angeendelea kuamini injini yake ina ugonjwa," akasema. "Kila likikohoa angeogopa. Mwisho angeliuza kwa bure. Siwezi kuisingizia injini nzima, Fauzia."

Alikuwa ameniita jina langu. Katika miaka kumi na saba hakuwahi.

Alivua ovaroli, akalikunja, akaliweka juu ya benchi. Akawaambia mafundi waendelee na waliyonayo. Kisha akasimama mbele yangu akiwa na shati lake jeupe, amekunjua mikono.

"Kliniki hufungwa saa ngapi siku ya Ijumaa?"

"Unakwenda leo?"

"Nilikuwa naogopa watu wajue. Sasa wanajua. Nimebakisha kuogopa nini?"

Nilifunga duka bila ya kuondoa makopo nje. Tulitoka mpaka ukingo wa barabara kuu, pale ambapo matatu, tuktuk na bodaboda hazimpi mtu nafasi hata ya kumeza mate. Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja kwenye lami nilipoona hayuko pembeni yangu. Alikuwa amesimama nyuma, kichwa kimeinama upande, akisikiliza magari.

"Nishike mkono," akasema.

Mbele ya Ukunda nzima, mchana, mwanamume wa makamo na shemeji yake. Nikamshika. Vidole vyake vilinibana mpaka mifupa ikauma, na havikulegea mpaka tulipokanyaga upande wa pili. Ndipo nilipojua kwamba miaka miwili amekuwa akiivuka barabara ile, asubuhi na jioni, akitoka na kurudi nyumbani, kwa kusikiliza tu.